Mtandao ukisuasua, msikimbilie kuzima IPv6

Mhariri,

Assalaam alaykum. Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno juu ya tabia moja iliyozoeleka mno kwa mafundi wa mitandao hapa Unguja na Pemba. Mteja akilalamika kwamba intaneti inasuasua, kurasa zinafunguka nusu, au maandishi yanakwenda na picha zinagoma, dawa ya kwanza ni kuingia kwenye mipangilio ya kompyuta na kuondoa tiki kwenye IPv6, yaani toleo la 6 la mfumo wa anwani za intaneti. Mara nyingi hali hutengemaa. Fundi hulipwa, mteja hushukuru, na ugonjwa hubaki pale pale ulipokuwa, ila sasa umefunikwa kitambaa. Baada ya miezi miwili mashine nyengine inaletwa na malalamiko yale yale.

Tuanze na kwa nini toleo hili la 6 lipo, maana wengi huliona kama nakshi waliyoongeza wazungu ili kutusumbua.

Kila kifaa kinachoingia kwenye intaneti kinahitaji anwani. Tulizozizoea ni zile namba nne zenye nukta katikati, kama 192.168.88.1, kila namba ikianzia 0 na kuishia 255. Hilo ni toleo la 4, yaani IPv4, lililoandikwa rasmi Septemba 1981. Lina biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1, kwa hiyo anwani zake zote kwa jumla ni 4,294,967,296. Wakati ule kompyuta zilizounganishwa zilikuwa mamia tu na bilioni nne zilionekana hazimaliziki. Leo watu duniani wamepita bilioni 8, na nyumba moja ya Mpendae ina simu tano, televisheni na kamera ya mlangoni.

Ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho tarehe 3 Februari 2011, fungu moja moja kwa kila ofisi ya kanda baina ya tano zilizopo. Asia na Pasifiki walifika chini ya pipa Aprili mwaka huo huo, Ulaya Septemba 2012, Amerika Kaskazini Septemba 2015. Sisi Afrika, ambao ofisi yetu ni AFRINIC iliyoko Mauritius, tulichelewa kuishiwa, lakini tangu Januari 2020 na sisi tunakwangua ukoko: kampuni ikiomba, haipati zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja.

Kilichotuvusha miaka yote hii ni ujanja wa kuchangia anwani, ambao mafundi wanauita NAT. Mfano wake ni sanduku la posta la skuli. Walimu wote wana S.L.P. moja. Mwalimu akiandika barua nje, karani anaandika kwenye daftari nani kamwandikia nani. Jibu likija, anafungua daftari na kumpelekea mwenyewe. Barua iliyokuja bila ya kuombwa, haina jina ila S.L.P. tu, inabaki mezani kwa karani. Ruta ya nyumbani, kile kifaa kinachoiunganisha nyumba na intaneti, ndiye huyo karani, na mistari ya daftari lake ni poti, ambazo kwa anwani moja haziwezi kuzidi 65,535.

Sasa kampuni zenyewe zimeishiwa, na wateja wao wamewekwa nyuma ya karani wa pili. Sanduku la skuli limo ndani ya sanduku la wilaya. Kwa kazi hiyo lilitengwa fungu maalumu mwaka 2012, kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255. Fungua ruta yako uangalie upande wa nje imepewa namba gani. Ikiwa ni ya fungu hilo, au inaanza na 10, huna anwani ya umma. Wewe ni mpangaji wa mpangaji. Ndiyo maana mwenye nyumba ya wageni Jambiani anaweza kushinda siku nzima akifungua poti za kamera zake, na akivuka kwenda Dar es Salaam haoni kitu. Kafungua kwa karani wake, na karani wa pili hana habari. Hapo ama anunue IP ya kudumu kwa ada ya kila mwezi, ama picha za ua wake zipitie kwenye seva ya mtengenezaji wa kamera, nchi za mbali, ndipo zirudi kwake. Tena mtu mmoja baina ya mamia wanaochangia ile anwani akifanya uhuni, tovuti inaifungia anwani yote, na wasio na hatia wanashinda wakithibitisha kwamba wao si roboti.

Toleo la 6 lilibuniwa kuondoa haya kwenye mzizi. Steve Deering na Bob Hinden walitoa maelezo yake ya kwanza Desemba 1995, yakafanyiwa marekebisho Desemba 1998, na Julai 2017 yakawa kiwango kamili. Wanaouliza la 5 lilikwenda wapi: namba hiyo ilikuwa imeshachukuliwa na jaribio la kupitisha sauti na picha, likafia njiani. Anwani ya toleo la 6 ina biti 128, na idadi yake ni takriban 34 ikifuatiwa na sufuri 37. Hakuna haja ya kuhesabu mchanga wa Paje ili kuielewa. Kinachotuhusu ni kwamba kila simu na kila kamera inapata anwani yake yenyewe, na karani anastaafu.

Shida iliyochelewesha mambo ni kwamba matoleo haya mawili hayasemezani. Simu yenye toleo la 6 tupu haimfikii seva mwenye toleo la 4 tupu bila ya mkalimani katikati. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET, mzazi wa intaneti, ulihamia itifaki mpya kwa siku iliyopangwa, kwa sababu mashine zilikuwa chache na wenyewe wanajuana. Sasa haiwezekani. Kwa hiyo kila kifaa kinatembea na anwani mbili, ya zamani na mpya, na kinachagua njia kila kinapotoka.

Kuchagua huko kunafaa kueleweka, maana ndiko kunakowapotosha mafundi. Ukiandika jina la tovuti, kompyuta inauliza DNS, yaani daftari la majina na anwani za mtandao, na DNS inajibu kwa rekodi ya A yenye anwani ya zamani na ya AAAA yenye anwani mpya. Kivinjari cha siku hizi kinaanza na mpya. Kisipopata jibu kwa takriban robo sekunde, kinajaribu ya zamani, na itakayojibu mwanzo ndiyo itakayotumika. Kwa hiyo njia ya IPv6 ikiwa imekufa kabisa, mtumiaji wa kivinjari hajui. Anayejua ni yule ambaye njia yake ni mbovu nusu: muunganisho unakubali, salamu zinakwenda na kurudi, halafu mzigo mkubwa unakwama. Hapo kivinjari kimeshachagua na hakirudi nyuma.

Huo mzigo unaokwama ndio ugonjwa wa kwanza wa kutafuta. Paketi, yaani kifurushi cha data kinachosafiri mtandaoni, kwa kawaida ina baiti 1,500. Laini nyingi zinazoingia kwa jina na neno la siri, zile za PPPoE, hubeba 1,492 tu, na zinazopita ndani ya njia nyengine hubeba pungufu zaidi. Kwenye toleo la 4, ruta ya katikati iliweza kuikata paketi vipande. Kwenye toleo la 6 ruta za njiani haziruhusiwi kukata; zinaitupa na kumrudishia aliyeituma ujumbe wa ICMPv6 (ICMP ni taarifa ambazo vifaa vya mtandao hupeana juu ya hali ya njia), aina ya 2, kumwambia mzigo umezidi, punguza. Sasa fundi aliyejifunza kwamba usalama ni kuzuia ping, ile amri ya kupima kama kifaa kinajibu, anakuja na sheria moja ya fayawoli, mlinzi wa mlango wa mtandao: zuia ICMP yote. Ujumbe haumfiki mtumaji. Anatuma tena mzigo ule ule, unatupwa tena. Kwenye skrini utaona jina la ukurasa limetokea juu, sehemu ya chini ni nyeupe na kile kiduara kinazunguka. Maandishi mafupi yanapita kwa kuwa hayajazi paketi, picha hazipiti.

Kipimo chake ni cha dakika mbili. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri uandike:

ping -6 -l 1452 2606:4700:4700::1111

Hiyo ni anwani ya DNS ya Cloudflare. Namba 1452 si ya kubahatisha: kichwa cha IPv6 ni baiti 40, cha ICMPv6 ni 8, ukijumlisha unapata 1,500 kamili. Majibu yakirudi, njia ni pana. Zikipotea moja mbili za mwanzo kisha nyengine zikarudi, ujumbe wa kupunguza umefika na mashine imejirekebisha. Zikipotea zote, teremka mpaka 1444, ambayo ni sawa na njia ya 1,492. Ikigoma nayo, jaribu 1232, sawa na 1,280, ambayo ndiyo ndogo kabisa inayoruhusiwa kwenye IPv6. Kama 1232 inapita na 1452 haipiti kamwe, kuna mtu kaziba ICMPv6 mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye ruta hiyo hiyo iliyo mbele yako. Ruhusu aina ya 1 mpaka ya 4 zipite, na 128 na 129 kwa ajili ya ping. Ndani ya nyumba usizuie 133 mpaka 136: kwa hizo ndipo simu inapomjua ruta na majirani zake. Kwenye toleo la 4 kazi hiyo ilifanywa na ARP, ambayo si ICMP, ndiyo maana waliozuia ICMP zamani hawakuona madhara makubwa na tabia ikaota mizizi. Kama tatizo liko kwa mtoa huduma na hasikii, punguza ukubwa wa vipande vya TCP, itifaki inayobeba kurasa nyingi, kwenye ruta yako: toa 60 kwenye ukubwa wa laini, yaani kwa 1,492 weka 1432. Kwa toleo la 4 hutolewa 40, unapata 1452. Wengi wananakili hii ya pili kote kote, na haifai.

Ugonjwa wa pili tunaujua vizuri visiwani kwa sababu ya umeme. Hoteli imeweka swichi za mtandao, zile zinazogawa waya wa mtandao, na vituo vya Wi-Fi kwenye betri, ruta imesahauliwa kwenye soketi ya kawaida. Umeme unakatika sekunde kumi. Ruta inazima na kuwaka, inamuomba mtoa huduma fungu la anwani, inapewa fungu jipya. Lakini simu za wageni hazikuona Wi-Fi ikikatika, kwa hiyo bado zimeshikilia anwani za fungu la zamani, na kwa kiwango cha kawaida zina ruhusa ya kuzishikilia siku 30. Zinatuma zikiwa na anwani iliyokufa. Alama ya Wi-Fi imejaa, hakuna kinachofunguka, na mapokezi wanaambiwa mtandao wenu mbovu. Mgeni akizima Wi-Fi na kuiwasha, inapona. Fundi anazima IPv6 na kwenda zake.

Dawa ni kumtaka mtoa huduma akupe fungu lisilobadilika. Kwenye toleo la 6 hana uhaba wa kumfanya akunyime, na hii si sawa na kuomba IP ya kudumu ya zamani. Wakati unasubiri, punguza muda wa anwani kwenye matangazo ya ruta: wa kupendelewa sekunde 2,700 na wa mwisho 5,400, yaani dakika 45 na 90. Kwenye ruta za MikroTik, ambazo zimejaa hapa kwetu, ni IPv6, kisha ND, kisha Prefixes. Na ruta ihamishiwe kwenye betri, jambo ambalo halihitaji fundi wa mtandao kulijua.

Wa tatu ni ruta mwizi. Kwenye IPv6 kifaa hakihitaji kupewa namba na mtu. Kinasikiliza tangazo la ruta na kujitengenezea chenyewe. Mtu akileta ruta yake ndogo akaichomeka kinyume, waya wa ukutani kwenye tundu la ndani, nayo inaanza kutangaza, na nusu ya jengo inaiamini. Ukiandika ipconfig kwenye dirisha la amri na kuona lango mbili zinazoanza na fe80, umeshamkamata. Swichi nzuri ina kipengele kiitwacho RA Guard: tangazo liruhusiwe tundu moja tu, lile la ruta yenyewe. Swichi zisizo na mipangilio hazina, na ni moja ya sababu za kutoziweka kwenye jengo la vyumba zaidi ya vitano.

Upande wa pili kuna kosa linalotutia hofu zaidi kuliko kuzima, nalo ni kuwasha ovyo. Karani wa S.L.P., pamoja na usumbufu wake, alikuwa anazuia wasioalikwa. Akiondoka, kila kamera iko mlangoni peke yake, na kamera nyingi bado zina neno la siri la kiwandani. Sheria za fayawoli za toleo la 4 hazilindi toleo la 6. Ni madaftari mawili tofauti. Ruta iliyofutwa mipangilio ya kiwandani na kuanzwa upya, kama wengi tunavyopenda kufanya, haina sheria hata moja ya IPv6. Kwa mpangilio huu huu: ruhusu majibu ya mazungumzo yaliyokwisha kuanzishwa kutoka ndani, tupa paketi zisizoeleweka, ruhusu ICMPv6, na kwa ruta yenyewe ruhusu UDP poti 546 kutoka fe80::/10, halafu zuia kila kitu kingine kinachoingia kutoka nje. Ukiisahau hiyo 546, mtoa huduma akikuletea fungu lako la anwani unamfungia mlango, na utakaa unajiuliza mbona sipewi. Kamera ikihitaji kuonekana kutoka nje, ifunguliwe hiyo moja, kwa poti moja, kwa anwani yake. Vyema zaidi iachwe imefungwa, na mwenyewe aingie kwa VPN, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wake akiwa mbali.

Kuna mahali ambapo kuzima ni sawa, na hatuoni aibu kupasema. Wi-Fi za vocha zilizojaa Nungwi, Paje na Mji Mkongwe nyingi zinaendeshwa na Hotspot ya MikroTik, ambayo kazi yake inategemewa kwa toleo la 4 tu. Ukiwasha IPv6 kwenye mtandao huo huo, mgeni anaweza kupita pembeni bila ya vocha. Vile vile foleni za kugawa kasi zilizoandikwa kwa anwani za zamani hazihesabu zinazopita njia mpya, na mtu mmoja anayeteremsha filamu atakula kasi ya vyumba vyote. Kwenye mtandao wa vocha iache imezimwa kwenye ruta, kwa mtandao huo peke yake, mpaka mfumo wa malipo ubadilishwe. Ofisi na kamera ziendelee nayo. Kuzima kwenye kila kompyuta moja moja hakuna faida hata hapo. Microsoft wenyewe wanashauri tusifanye hivyo, kwa kuwa IPv6 ni sehemu ya lazima ya Windows. Anayetaka mashine ipendelee ya zamani kwa muda, kuna mpangilio wa kupendelea bila ya kuzima.

Wengine wanaikwepa kwa sababu anwani zenyewe zinatisha, na hapo tunawaelewa. Basi tuisome moja. 2001:0db8:0000:4510:0000:0000:0000:0a17. Ni mafungu manane, kila moja lina tarakimu nne za hesabu ya kumi na sita, yaani 0 mpaka 9 kisha a mpaka f. Sufuri za mwanzo wa fungu huondolewa: 0db8 inakuwa db8, 0a17 inakuwa a17. Sufuri ya mwisho ya 4510 haiondoki, na hapo wengi wanateleza. Mafungu yaliyofuatana yakiwa sufuri tupu hubanwa kwa nukta pacha mbili, mara moja tu katika anwani. Tunapata 2001:db8:0:4510::a17. Ukizitumia mara mbili, ukaandika 2001:db8::4510::a17, mashine inabaki na mafungu manne ya sufuri ya kugawa sehemu mbili na haijui wapi yaingie moja na wapi matatu, kwa hiyo inakataa. Anwani zinazoanza na 2001:db8 zimetengwa kwa mifano kama huu, msizinakili kwenye ruta.

Mwanzo wa anwani unakwambia mengi. fe80 ni ya ndani ya waya mmoja, kila kifaa kinayo hata bila ya intaneti, kwa hiyo ukiiona peke yake usiseme IPv6 ipo. Inayoanza na fd ni ya ndani ya jengo, mfano wa 192.168. Inayoanza na 2 au 3 ndiyo ya umma, na fungu kubwa la Afrika linaanza na 2c0. Kwenye Windows utaona pia anwani ya muda, inayobadilika mara kwa mara ili tovuti zisikufuate kwa namba moja. Si kosa, usiifute. Kwenye simu ya Android angalia orodha ya anwani kwenye maelezo ya simu. Ikiwa unatumia data na hakuna kinachoanza na 2, ingia kwenye mipangilio ya APN, yaani ya data ya simu, itifaki iwe IPv4/IPv6 badala ya IPv4. Kama kampuni yako haijawasha upande wake, kwa kawaida hutaharibu kitu.

Anayepanga mtandao wa jengo aombe fungu la /56, yaani lenye biti 56 za mwanzo zilizokwisha kupangwa, ambalo linampa mitandao 256, na taasisi kubwa iombe /48, yenye mitandao 65,536. Asikubali /64 moja. Ni kweli /64 moja ina anwani mara bilioni nne ya intaneti yote ya zamani, lakini haigawiki: simu zinajitengenezea anwani kwa nusu ya pili ya biti, yaani 64, na ukiikata zaidi, simu za Android zinabaki bila ya kitu. Kwa mwenye fungu la 2001:db8:0:4500::/56, mtandao wa ofisi wenye VLAN 10 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi ile ile) aupe 4510, wa kamera wenye VLAN 20 aupe 4520, wa wageni wa 30 aupe 4530. Usiku wa manane umeamshwa, unaiona anwani na kujua iko mtandao gani.

Waandishi wa programu nao wana lao. Mifumo mingi ya ofisi na skuli huhifadhi anwani ya aliyeingia kwenye sehemu ya herufi 15, kwa sababu ya zamani haizidi hapo. Mpya hufika herufi 39. Siku seva itakapopewa AAAA, rekodi zitakatwa katikati au mtu atashindwa kuingia, na lawama zitarudi kwa IPv6. Wanaotengeneza programu za iPhone wajue kwamba tangu 1 Juni 2016 Apple inazitaka zifanye kazi kwenye mtandao wa toleo la 6 tupu. Aliyeandika namba ya seva ndani ya programu badala ya jina lake anaweza kukataliwa. Na wenye seva za kukodi Amazon wanalipa dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya umma ya zamani tangu 1 Februari 2024, yaani dola 43.80 kwa mwaka kwa namba moja. Ya toleo la 6 haina ada hiyo.

Hatuahidi kasi. Laini ya Mkoani iliyolemewa jioni itabaki imelemewa, na ruta ndogo za bei ya chini huenda zikawa nzito kidogo kwenye IPv6, kwa kuwa ya zamani ina njia ya mkato ndani ya kifaa na mpya inapita kwenye ubongo wa ruta. Ndiyo maana tunaziomba taasisi, skuli na hoteli zinazotangaza zabuni za vifaa ziandike mahitaji kwa maneno haya: kifaa kipitishe IPv6 kwa kasi sawa na IPv4, kiwe na fayawoli ya IPv6 inayokumbuka mazungumzo, swichi ziwe na RA Guard, mtoa huduma atoe fungu lisilobadilika la /56 au zaidi. Siku ya makabidhiano fundi afanye ping ya 1452 mbele ya mteja, kisha achomoe ruta, airudishe, na simu ile ile iliyokuwa kwenye Wi-Fi ifungue ukurasa bila ya kuguswa. Baada ya hapo ndipo sehemu ya mwisho ya malipo itolewe.

Wako,
Mafundi wawili wa mitandao,
Unguja na Pemba